MAJI TWAHARA NA MAJI SALAMA

Mawaidha kwa vijana na wazazi, baada ya swala ya Asri, mwezi wa Ramadhani



 

Mwezi huu mmesikia, na mtaendelea kusikia, mawaidha ya saumu, ya Qur'ani, ya zaka na ya kuunga udugu. Yote ni ya haki. Mimi leo nimeombwa nizungumze juu ya maji na choo. Naona baadhi ya vijana huko nyuma wanacheka. Chekeni, hakuna neno. Lakini hebu niambieni, kitabu cha fiqhi mlichosomeshwa chuoni mkiwa wadogo kilianza wapi? Hakikuanza na swala, wala saumu. Kilianza na mlango wa twahara: maji ni ya aina ngapi, najisi ni zipi, mtu astanji vipi. Wanazuoni wetu hawakuona haya kulitanguliza jambo hili, basi na sisi tusione haya kulizungumza msikitini.

Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.4 walikufa kwa sababu ya maji yasiyo salama, vyoo vibaya na mikono isiyooshwa. Zaidi ya milioni moja kati yao waliuawa na kuharisha. Wengine wengi walikufa kwa maradhi ya kifua, maana viini vya kifua navyo hupandia mikononi. Na katika hao wote, watoto 395,000 walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Gawanyeni hesabu hiyo kwa siku za mwaka. Ni zaidi ya watoto elfu moja kwa siku. Tangu tuliponuia leo alfajiri mpaka tutakapofungua kinywa magharibi, kwa hesabu hiyo, ni watoto zaidi ya mia tano.

Sasa najua kuna mtu anasema moyoni: haya yatuhusu vipi sisi? Sisi ni watu wa udhu mara tano kwa siku. Sisi ni watu wa kustanji kwa maji. Wenye uchafu ni wengine.

Ndugu yangu, hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Yako mambo mawili ambayo sisi tumeyachanganya. La kwanza ni maji twahara, la pili ni maji salama. Maji twahara ni hukumu ya sheria. Twajua, kwa madhehebu yetu ya Shafii, kwamba maji yakifika qullatayn, kiasi cha lita mia mbili hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Hiyo ni rehema, maana bila ya hukumu hiyo watu wangepata tabu kubwa ya kutawadha. Lakini hukumu ile ni ya kumwezesha mtu kuswali. Hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa maji yakifaa kwa udhu basi hayawezi kumtia mtu ugonjwa. Kiini cha kipindupindu hakina rangi, hakina ladha, hakina harufu. Kisima chaweza kuwa na qullatayn mia, maji yake meupe kama machozi, udhu wake ukasihi na swala yake ikasihi, na mwenye kuyanywa akazikwa kesho yake.

Kwa hiyo mtu akikwambia "maji haya ni twahara, babu zangu walitawadhia", mwitikie, ni kweli. Kisha uyachemshe kabla ya kumpa mtoto.

Tuangalie hali yetu ya Pwani. Mombasa hupata maji ya mfereji kutoka mbali. Bomba la chemchemi za Mzima lilijengwa miaka ya 1950, na linatoka zaidi ya kilomita 200. Kuna maji ya Baricho kutoka mto Sabaki, ya Marere, na ya visima vya Tiwi. Mji umekua, maji hayakukua nao. Mfereji ukikauka, na mwajua unavyokauka, watu wa Likoni na Kisauni hurudi kwenye visima, au humngoja mwenye mkokoteni aje na mitungi yake. Yule mwenye mkokoteni ni mtu wa kutafuta riziki, Mungu ambariki, lakini nani kati yetu amewahi kumuuliza ameyateka wapi?

Na visima vyetu vimechimbwa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe haya yana matobo na nyufa. Maji ya chooni hayachujwi humo kama yanavyochujwa na mchanga mzuri, hupita tu. Wataalamu husema kisima na choo cha shimo viachane angalau mita 30, na chini ya choo pabakie mita moja na nusu hivi kabla ya kufika maji. Kwenye mawe yenye nyufa hata hiyo 30 haitoshi. Haya, piga hatua thelathini kutoka kisima chenu uone umefika uani kwa jirani wa ngapi. Mitaani kwetu kiwanja kimegawanywa kwa warithi, warithi wamejenga vyumba vya kupangisha, na kila aliyejenga amechimba choo chake. Choo chako kiko mita 40 kutoka kisima chako, alhamdulillah, lakini kiko mita 8 kutoka kisima cha jirani. Haki ya jirani tunayoisikia kwenye khutba haikomi kwenye kumpelekea sahani ya mahamri wakati wa futari. Yaingia mpaka chini ya ardhi.

Ndugu zetu wa Wajir wana mtihani mkubwa kuliko wetu. Mji ule maji yake yako karibu sana na uso wa ardhi. Watu wamechimba visima vifupi kwa maelfu, na kwa sababu hiyohiyo choo cha shimo hakifai, maana ukichimba unaingia majini. Kwa miaka mingi mji ulitumia vyoo vya ndoo. Mtu akajisaidia ndani ya ndoo, ndoo ikangoja mwenye kuichukua, na mvua ikija yote yakaelea mpaka kisimani. Nawataja kwa sababu ni mji wa Waislamu, una misikiti na vyuo na masheikh, na kipindupindu kimeingia humo mara kwa mara. Upungufu haukuwa wa imani. Ulikuwa wa mabomba, na hilo ni jambo la serikali na la wenye kupiga kura pia.

Mlipuko wa juzijuzi mnaukumbuka. Ulianza Oktoba 2022, na wagonjwa wa mwanzo walihusishwa na harusi iliyofanyika Limuru, Kaunti ya Kiambu. Harusi jamani! Watu wamekwenda kula pilau na kupongezana. Kutoka hapo ugonjwa ukaenea kaunti nyingi, Garissa, Wajir, Mandera na Tana River zikiwemo, na mpaka katikati ya 2023 zaidi ya watu 12,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 200 wamekufa. Kwa nini harusi? Kwa sababu pishi ni kubwa, maji ni ya kukusanya popote, wapishi ni wengi, na choo ni kimoja. Sasa nitajie shughuli yetu isiyokuwa hivyo. Maulidi ni hivyo. Khitma ni hivyo. Na futari ya pamoja msikitini, ambayo twaifanya kila siku mwezi huu mzima, ni hivyohivyo.

Tuiangalie basi futari yetu. Jagi moja la maji na vikombe vitatu kwa watu kumi. Tende katika sinia moja, kila mtu atia mkono. Sisemi tuache kula pamoja, baraka iko katika kula pamoja. Nasema ile mikono ioshwe kwa maji yanayomiminika na sabuni, si kwa kutumbukizwa kwenye bakuli moja lizungushwalo safu nzima. Wa kwanza huosha mikono yake, wa kumi huosha mikono ya wenzake tisa.

Kisha kuna juisi. Kina mama na dada zetu wanaouza maji ya ukwaju na juisi ya maembe barabarani kabla ya magharibi wanatafuta halali, na mimi ni mnunuzi. Lakini dada yangu, yale maji uliyokorogea umeyachemsha? Na barafu uliyotia imegandishwa kutoka maji gani? Watu hudhani baridi inaua viini. Baridi huvilaza tu, vikiyeyuka vinaamka. Mtu amefunga saa kumi na tatu, tumbo liko tupu, wa kwanza kuingia ni huyo mgeni.

Sabuni nayo ina mjadala wake. Wako wanaosema, "Mimi nastanji kwa maji, mkono wangu ni safi." Katika hadithi ya Bi Maymuna (R.A.), aliyoipokea Imam Bukhari, twapata kwamba Mtume (S.A.W.) katika kuoga janaba alipokwisha kuosha tupu yake aliusugua mkono wake kwa udongo au ukuta, kisha akauosha. Angalieni jambo hilo. Maji alikuwa nayo, na bado akatafuta kitu cha kusugulia. Leo udongo wetu ni sabuni. Tafiti zaonyesha kuwa kuosha mikono kwa sabuni hupunguza kuharisha kwa karibu thuluthi moja. Yaani kipande cha sabuni ya kufulia, ukikikata mara nne ukakifunga kamba chooni, chafanya kazi ambayo dawa nyingi haziifanyi. Haya, nendeni mkaangalie vyoo vya madrasa yetu hapo nje. Makopo yapo. Sabuni haipo. Watoto mia wanaingia, wanatoka, wanashika misahafu, wanashikana, wanarudi nyumbani kula kwa mkono.

Na mafundisho mengine ya Mtume (S.A.W.) tunayajua sote, ila tumeyaweka kwenye kabati. Alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Alitahadharisha vikali juu ya kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini. Aliamrisha vyombo vifunikwe usiku. Aliamrisha mtu aamkapo usingizini asitie mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu. Yote hayo yalisemwa zaidi ya miaka elfu moja kabla mtu yeyote hajakiona kiini kwa darubini. Sisi hukumu hizo twazisimulia kwa fahari tukibishana na watu wa dini nyingine, halafu mtungi wa nyumbani uko wazi na kata yake yaelea ndani.

Sasa wazazi wangu, kuna maneno mawili huwa yanasemwa msibani. Ni maneno ya dini, kwa hiyo nitayagusa kwa adabu.

La kwanza ni kwamba aliyekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi. Ni kweli, imo katika hadithi sahihi, na mama aliyefiwa na mwanawe ana haki ya kuambiwa hivyo na kupoa moyo. Lakini faraja ile ni ya mfiwa. Haikuwekwa kuwa kinga ya mwenye nyumba aliyeacha choo chake kifurike uani kwa wapangaji, wala ya kamati iliyokaa miaka mitatu bila ya kufungua kifuniko cha tangi.

La pili ni kwamba ajali yake ilifika, ni kadari ya Mungu. Hakika hakuna afaye kabla ya ajali yake. Lakini kumbukeni kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akielekea Sham, akapata habari kuwa tauni imeingia huko, naye akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba waitoka kadari ya Mungu na kuiendea kadari yake nyingine. Basi kuchemsha maji ni kadari. Kutia dawa ya klorini kwenye mtungi ni kadari. Hata kumripoti mwenye kumwaga maji taka mtaroni, nayo ni kadari, ingawa jirani atanuna.

Nije kwenye jambo ambalo mwezi huu linaweza kuua mtu leo hii. Mtu amefunga, saa nne asubuhi anaanza kuharisha maji matupu kama ya kuoshea mchele, na kutapika. Anajikaza. Anasema, "Nimebakisha saa nane tu, nitafungua magharibi." Jamani, kipindupindu kikali humtoa mtu maji mpaka lita moja kwa saa. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa kwa saa chache. Magharibi haifiki. Mgonjwa ameruhusiwa na Qur'ani yenyewe kula na kulipa siku nyingine, na mwenye kuhofia kuangamia, masheikh wetu wamesema kufungua kwake ni wajibu. Asingoje kuulizia fatwa. Anywe papo hapo, na apelekwe hospitali huku anakunywa njiani.

Anywe nini? Ukiwa na pakiti ya ORS, changanya kama ilivyoandikwa. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto apewe kidogokidogo, akitapika mngoje dakika kumi kisha mwendelee. Anayenyonya asikatizwe ziwa. Hospitali watampa mtoto na vidonge vya zinki, mummalizie siku zote alizoandikiwa, siku kumi mpaka kumi na nne, hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu.

Maji haya ya chumvi na sukari msiyadharau. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa Bangladesh, wakimbizi kwa mamilioni walivuka kuingia India na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon, wagonjwa wapatao thelathini katika mia walikuwa wakifa, na maji ya kutia mishipani yalikuwa yakiisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, na jamaa za wagonjwa wakawa ndio wauguzi, wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vikashuka mpaka chini ya wanne katika mia. Baadaye, katika miaka ya 1980, shirika la BRAC likawatuma wanawake waende nyumba kwa nyumba Bangladesh kuwafundisha akina mama mchanganyiko wa chumvi, sukari guru na maji. Zilifikiwa nyumba zaidi ya milioni 12. Nchi ya Waislamu wengi, masikini wakati ule kama sisi au kutushinda, na akina mama wengi wao hawakujua kusoma. Walikaa sakafuni na kufundishana kwa mikono. Sisi jumuiya yenye vijana wa kidato cha nne na wa chuo kikuu, tumefundisha nyumba ngapi?

Jambo moja zaidi, na hili ni kwa waosha maiti wetu. Aliyekufa kwa kipindupindu, mwili wake na nguo zake zina viini vingi. Haki yake ya kuoshwa, kuvishwa sanda na kuswaliwa iko palepale, lakini fuateni maelekezo ya maafisa wa afya: glavu, maji ya klorini, watu wachache, na kuzika haraka, jambo ambalo sisi ni sunna yetu tayari. Na aliyeosha maiti asiende kusimamia pishi la msibani. Siku kama hizo pishi lenyewe bora liachwe. Wafiwa wapelekewe chakula kutoka nyumba za majirani, hiyo ndiyo sunna ya asili, si wafiwa kulisha mtaa.

Vijana, mwatafuta sadaka ya kutoa na mfukoni hamna kitu. Sahaba Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mamake alimuuliza Mtume (S.A.W.) sadaka ipi ni bora, akaelekezwa kwenye maji, akachimba kisima kwa niaba ya mamake. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake ili Waislamu wateke bure. Kuchimba kisima ni shilingi nyingi, lakini kukitunza kilichopo hakuna gharama kubwa. Kujenga ukingo ili maji ya mvua yasirudi ndani. Kukiwekea kifuniko, na ndoo moja ya kutekea iwe ya kisima, isitoke na kila mtu asije na yake. Mwenye kukosa makaa ya kuchemshia, maji maangavu yakitiwa kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zikalazwa juu ya bati juani tangu asubuhi, saa sita za jua kali la hapa petu huua viini. Siku ya mawingu ziachwe siku mbili. Haya kijana wa miaka kumi na tano anaweza kumfanyia bibi yake.

Tumeshazungumza na kamati ya msikiti, nao wamekubali. Jumamosi hii baada ya Asri tangi la msikiti na birika vitamwagwa, visuguliwe na vitiwe dawa, na mafundi wameombwa wafunge mifereji miwili nje ya vyoo vya madrasa. Maji yatakayomwagwa yatatumika kuoshea ua, msiogope israfu. Zile sabuni tumeanza kuzikusanya, sanduku liko mlangoni upande wa akina mama. Wenye kutaka kufundishwa kuchanganya maji ya chumvi na sukari wabaki na kijiko cha chai na chupa ya lita moja, tutafanya kwa vitendo mpaka kila mmoja aweze. Watakaokuja waje na nguo za kazi, na brashi au ndoo mwenye nayo. Futari ya siku hiyo itakuwa hapahapa, na mikono itaoshwa mferejini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.